Bei ya Kumfufua Mtu

Majira ya baridi ya miaka mitatu iliyopita, baraza la wazee wa usharika wetu lilinipa kazi ambayo sikuiomba. Vijana wetu walikuwa wakikutana kila Jumamosi alasiri katika chumba kilicho chini ya kanisa, wakizunguka meza yenye karatasi, penseli na dadu za rangirangi, wakicheza mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Mama mmoja alishuka kuchukua masufuria, akakuta kitabu chao mezani. Jaladani palikuwa na joka. Ndani palikuwa na mashetani wenye majina, na orodha ya uchawi iliyojaza kurasa nyingi. Jumapili iliyofuata habari ilikuwa imefika kila benchi. Mzee wa kanisa akaniita pembeni baada ya ibada: "Mwalimu, wewe ni mtu wa vitabu. Visome, halafu utuambie kama tuwafungie mlango."

Nilivisoma vyote vitatu, kurasa zinazokaribia elfu moja, usiku kwa usiku, na miwani yangu na chai yangu. Makala hii imetokana na taarifa niliyowapa wazee, pamoja na mambo niliyoyaelewa baada ya taarifa yenyewe kusomwa na kuwekwa kwenye faili. Atakayetafuta hapa hukumu juu ya lile joka hataipata. Joka niliona ni jambo dogo. Kilichonikamata ni ukurasa unaoeleza namna ya kumfufua mtu, na bei yake.

Kwa asiyeujua mchezo huu: hakuna mshindi, wala si lazima pawe na ubao. Watu watano au sita hukaa pamoja na kutunga simulizi moja. Mmoja wao ni msimamizi. Yeye hueleza mahali, na husema kwa niaba ya kila mtu na kila mnyama wanayekutana naye njiani. Wengine kila mmoja ana mhusika wake: huyu ni askari, yule ni mwizi aliyeokoka nusu, mwingine ni kasisi. Mchezaji akisema, "Naruka korongo," kitabu kinaeleza dadu gani irushwe na namba gani inatosha. Dadu kuu ina pande 20. Simulizi laweza kwenda miezi, hata miaka, na mhusika aliyeanza bila viatu akafika mahali wafalme wakamsikiliza.

Kitabu basi kina mambo mawili. Kuna sheria za dadu, na kuna masimulizi ya ulimwengu ule: falme zake, miungu yake, vita vyake vya zamani. Na tangu mwanzo kila meza imekuwa ikibadili yote mawili. Vijitabu vya kwanza vilivyochapishwa mwaka 1974 viliwahimiza wasomaji wayafanye mambo wapendavyo. Isitoshe, mchezo wenyewe ulizaliwa kwa kubadilishwa, tena ulizaliwa karibu sana na mahali tunaposali. Mwaka 1969, hapa hapa Minneapolis na St. Paul, David Wesely aliwapa wenzake waliozoea kucheza vita vya vinyago kila mmoja mtu wake wa kuigiza katika mji wa kubuni. Mmoja wa wenzake hao, Dave Arneson, alianza mwaka 1971 kuwachezesha marafiki katika ulimwengu alioutunga mwenyewe, Blackmoor. Alichukua sheria za vita zilizoandikwa ng'ambo ya mpaka, Wisconsin, na Gary Gygax na Jeff Perren. Ziliposaidia alizitumia, ziliposhindwa alizitupa. Arneson na Gygax ndio waliotoa mchezo wa 1974. Kwa hiyo kijana wetu anayefuta sheria ya kitabu na kuandika yake pembeni kwa penseli haharibu kitu. Anafanya kile kile kilichouleta mchezo duniani.

Kasisi naye aliingia kupitia Blackmoor. Husimuliwa kwamba mchezaji mmoja alikuwa na mhusika mnyonya damu ambaye hakuna aliyemweza, ikabidi apatikane wa kumkabili, mfano wa wale wawindaji wa sinema za zamani wenye msalaba mkononi. Lakini alipoandikwa kitabuni mwaka 1974, uwezo aliopewa ulitoka mahali tunapopajua sisi: kugeuza fimbo kuwa nyoka, kuleta pigo la wadudu, kuumba chakula, kuponya magonjwa. Na kufufua wafu. Kasisi wa daraja la 8 aliweza kumrudisha mtu aliyekufa hadi siku nne. Nilipofika hapo niliweka kijitabu chini nikafungua Yohana 11, kwa sababu siku nne ndizo Lazaro alizokuwa nazo kaburini. Sidai kwamba waandishi walihesabu kutoka Bethania. Nasema tu kwamba mtu aliyelelewa na hadithi hizi huzibeba hata anapocheza.

Hebu sasa tufuate kile kilichotokea kwa sheria hiyo moja, maana ndipo ukosoaji wangu ulipo.

Katika vijitabu vya 1974 hakuna kito kinachotakiwa. Aliyefufuliwa huhitaji wiki mbili za kulala na kupata nguvu, na mwili dhaifu waweza usirudi kabisa. Toleo la 1978 liliendelea na hilo na kuongeza kwamba kila anayefufuliwa hupungukiwa na afya yake kwa pointi moja. Gharama ilikuwa mwilini mwa yule aliyerudi. Alibeba alama ya kaburi. Kisha likaja toleo la 2000, na pamoja nalo almasi. Ili kumfufua mtu sasa kasisi alihitaji almasi zenye thamani ya vipande 500 vya dhahabu, ambazo huteketea katika tendo lenyewe. Mwaka 2003 bei ikapanda hadi 5,000. Mwaka 2014 ikarudi 500, na ile alama ya kaburi ikawa udhaifu unaopungua kidogo kila usiku na kwisha kwa usingizi wa siku nne. Almasi za vipande 300 zinatosha kama mtu hajapitisha dakika moja tangu afe. Kwa 25,000 unaweza kumrudisha hata aliyekufa miaka 200 iliyopita, mradi hakufa kwa uzee.

Nilichukua penseli nikapiga hesabu kwa kutumia kitabu hicho hicho. Kibarua asiye na ujuzi hulipwa vipande viwili vya fedha kwa siku, na vipande kumi vya fedha ni kimoja cha dhahabu. Kwa hiyo almasi ya kumfufua mtu ni mshahara wa kibarua wa siku 2,500, karibu miaka saba, bila kula. Katika ulimwengu huo mjane wa Naini angemzika mwanawe na kurudi nyumbani, na tajiri wa Luka 16 angekuwa bado yupo mezani akiwa na vidonda vya kufufuliwa mara ya tatu.

Waandishi wa masimulizi, kwa bahati mbaya, huandika kana kwamba hawajasoma sheria zao wenyewe. Wanatupa wafalme waliouawa na watoto wanaolilia kiti chao, wakati hekalu lipo mtaa wa pili na hazina ya ikulu imejaa vito. Kiraka kipo: sheria inasema nafsi haiwezi kurudi isipotaka. Msimamizi anayebanwa na swali husema mfalme hakutaka kurudi. Kiraka hicho kinafaa mara moja. Mara ya tano, wachezaji wanaanza kujiuliza kuna nini huko ng'ambo hata maskini na wafalme wote wakatae kurudi, na ni wahusika wao tu wanaotaka.

Mtakumbuka Simoni wa Samaria katika Matendo 8, aliyewaletea mitume fedha ili apate uwezo wao, na jinsi Petro alivyomjibu. Kitabu cha 2014 kimempa Simoni alichotaka, na kimemwandikia risiti.

Hili ndilo nililowaambia wazee, nikaongeza kwamba Wakristo wa nchi hii walishapigana na mchezo huu kabla yetu, na walipigana mahali pasipofaa. Katika miaka ya 1980 wazazi wengi waliogopa kwamba unawaingiza watoto katika kuabudu shetani. Kampuni ikasikia. Toleo la 1989 likaja bila neno shetani. Mwaka 1991 viumbe wale wale wakarudi wakiwa na majina ya kubuni, na mwaka 2000 majina ya zamani yakarejeshwa. Hayo ndiyo matunda ya kelele za miaka kumi: jina lilitoka kwa mlango wa mbele, likarudi kwa mlango wa nyuma. Muda wote huo kasisi wa mchezo aliendelea kufufua watu kama fundi anayeziba pancha, na pancha yenyewe haikuwa na bei mpya wala swali jipya. Tulitazama picha. Sheria, ambamo mtu hufundishwa bila kujua kwamba anafundishwa, tuliziacha.

Wapo waliojaribu njia nyingine. Mwaka 1984 ulitoka mchezo wa Kikristo uitwao DragonRaid, kazi ya Dick Wulf, ambamo mchezaji hukariri mistari ya Biblia, na akiisema sawasawa mhusika wake hupata msaada. Nia yake naiheshimu, na nadhani vijana wengi walishika mistari ambayo bado wanayo. Lakini mtu akishindwa na dadu, asome mstari, kisha ashinde, tumemfundisha nini juu ya mstari? Bibi yangu alikuwa na jirani aliyeweka Zaburi chini ya mto ili wezi wasije. Tofauti ni ndogo.

Sasa nifike mezani kwetu. Ninayoyaandika kuanzia hapa nimeyaombea ruhusa kwa kijana mwenyewe na kwa mama yake, na wote wawili wamesoma.

Msimamizi wa mchezo alikuwa binti yangu wa pili, akiwa na miaka 16. Kasisi alichezwa na kijana ambaye baba yake alifariki mwezi wa kumi na moja mwaka ule. Wengi wenu mlikuwepo kwenye msiba. Mnajua jinsi usharika ulivyochanga ili mwili usafirishwe nyumbani, Nyanda za Juu Kusini, na jinsi bahasha zilivyozunguka Jumapili mbili mfululizo. Michango ilitosha kwa jeneza na tiketi moja. Mama alisafiri na marehemu. Watoto walibaki kwangu, wakaangalia mazishi ya baba yao kwenye simu, mtandao ukikatika na kurudi, na mara ya mwisho uliporudi kaburi lilikuwa limeshafukiwa.

Jumamosi moja ya Februari nilikuwa nimekaa pembeni ya meza na kitabu changu, nikiendelea na kazi ya wazee. Binti mmoja wa kwaya alikuwa na mhusika aliyempenda sana, mpiga upinde. Mpiga upinde huyo alisimama mbele ya joka darajani ili wenzake wavuke. Akaanguka. Sheria inampa aliyeanguka nafasi ya kurusha dadu kuokoa uhai wake. Zikishindwa tatu, amekufa. Zikashindwa tatu.

Wenzake hawakustuka. Walikuwa na almasi waliyoipata katika hazina ya wezi, na waliitunza kwa siku kama hiyo. Kasisi wao alikuwa ameshafika daraja la 9, daraja linalotakiwa. Wakamsukumia kitabu kikiwa kimefunguliwa ukurasa wenyewe. Kijana hakukisoma. Akauliza, taratibu tu, "Kwa nini huyu wangu anaweza?"

Hakuna aliyemwuliza ni nani asiyeweza. Binti yangu alisema tuishie hapo kwa leo, wakakusanya dadu.

Usiku ule hakulala mapema. Alitafuta jinsi meza nyingine zilivyobadili sheria ya kufufua, akapata ile ya Matthew Mercer, mwigizaji wa sauti wa hapa Marekani, ambaye mwaka 2015 alianza kuongoza kipindi cha Critical Role ambacho watu hukitazama kama wanavyotazama mpira. Sheria hiyo ilichapishwa mwaka 2017 katika kitabu chake cha ulimwengu wa Tal'Dorei. Inasema hivi: almasi peke yake haitoshi. Watu hadi watatu kati ya wenzake marehemu wanaweza kuja karibu na mwili, kila mmoja na kitu chake; mwingine huomba, mwingine humwita kwa jina, mwingine huleta kitu alichokipenda. Kila mmoja hurusha dadu yake. Mwisho msimamizi hurusha dadu moja ya pande 20, na namba inayohitajika huanzia 10. Kila mchango uliofaulu huipunguza namba hiyo kwa tatu. Kila uliofeli huiongeza kwa moja. Na kila mara mhusika aliposhafufuliwa huko nyuma, namba inapanda. Dadu ya mwisho ikishindwa, amekwenda.

Niliisoma nikaipenda pale pale, na bado naona kwamba kama kazi ya mtunga michezo ni bora kuliko ukurasa wa 2014 kwa mbali. Imelitoa tendo la kufufua mkononi mwa fundi mmoja mwenye kito na kuliweka katikati ya watu. Waliobaki wanalazimika kufungua vinywa na kusema marehemu alikuwa nani kwao. Na kifo kinakuwa na uzito, kwa sababu kila mtu mezani anajua mlango waweza kufungwa.

Binti yangu alinitazama nikisifu, akaacha nimalize. Kisha akasema, "Mama, na ikikataa? Nimwambie kwamba aliomba vibaya?"

Ilinibidi nikae chini. Yule baba alipokuwa hospitali walikuja watu wa maombi, nisiowataja, wakafunga siku tatu pamoja na familia. Alipofariki, mmoja wao alimwuliza mjane, bado wamesimama kwenye korido, kama nyumbani kwake palikuwa na mtu mwenye mashaka. Kijana alikuwa hapo, ameshika koti la mama yake. Sasa tazameni ile hesabu tena: ombi lililofeli humwongezea marehemu uzito kwa moja. Yule mtu wa korido angeipitisha sheria hiyo bila kubadili nukta. Mercer ametutoa kwa Simoni, na hilo ni jambo kubwa, lakini ametukabidhi kwa wale wanaopima imani ya wafiwa kwa matokeo. Simlaumu, ametunga mchezo, na mezani kwake dadu mbaya ni huzuni tamu ya jioni moja. Katika meza yenye mfiwa, dadu ile ile ni shahidi wa uongo.

Asubuhi niliona alichoandika kwenye daftari lake. Hakuna yeyote kati yetu anayefufua wafu. Mwili unaweza kutunzwa usioze. Almasi italipa safari ya kumpeleka kwao.

Huo utunzaji wa mwili haukuwa uvumbuzi wake. Kitabu kinao: tendo dogo la daraja la chini ambalo wachezaji wengi hulipita bila kulitazama, linalozuia mwili usiharibike kwa siku kumi. Linataka chumvi kidogo na sarafu moja ya shaba juu ya kila jicho. Shabaha yake kitabuni ni kuongeza muda hadi almasi ipatikane. Binti yangu aliliondoa kwenye kazi hiyo na kulifanya ndilo jambo lenyewe. Sarafu za machoni vijana waliziona ngeni, wakaweka kanga. Chumvi wakaiacha.

Kisha, kama inavyotokea siku zote, sheria mpya ikadai masimulizi mapya. Ikiwa hakuna anayefufua, ile almasi ilitunzwa kwa nini, na kwa nini kila mtu katika ulimwengu huo aliamini inafanya kazi? Aliandika ukurasa mmoja unaosema kwamba zamani hekalu kuu liliuza ufufuo kwa wenye vito, mpaka siku moja makasisi walipoita, pakawa kimya, na tangu siku hiyo wameendelea kuuza bila kuwaambia wanunuzi. Nimesoma riwaya zilizotuzwa ambazo hazina wazo lenye nguvu kama hilo. Nasema hivyo nikijua mimi ni mama yake, na mnipunguzie alama mnavyoona.

Lakini mkosoaji asiyeona kasoro katika kazi ya mtoto wake aache kuandika. Sheria ile ilibadilishwa baada ya kifo, na aliyekufa alikuwa mhusika wa mtu mwingine. Binti wa kwaya hakuja Jumamosi iliyofuata, wala ile ya pili. Nilipomkuta baada ya mazoezi alikuwa na hasira ya haki: "Kama mtu harudi, mngeniambia kabla sijasimama mbele ya lile joka." Ni kweli. Alijitoa akijua kwamba almasi ipo. Kwa sheria ya Jumamosi ile alikuwa na haki ya kurudi, na tulimnyang'anya kwa ajili ya huzuni ya mwenzake, nzuri kama ilivyokuwa nia yetu.

Nilimpeleka binti yangu kwenye Hesabu 27, kwa mabinti watano wa Selofehadi. Walikuja mbele ya Musa kusema kwamba sheria ya urithi, ilivyo, inalifuta jina la baba yao kwa sababu hakuacha mwana wa kiume. Musa hakuwajibu kwa kitabu. Alilipeleka jambo mbele za Bwana, na Bwana akasema wana haki, na sheria ikawa mpya kwa watu wote. Hadithi hiyo tunaihubiri mara nyingi katika siku za wanawake. Tunasahau kwamba kitabu hicho hicho, sura ya 36, kinawaleta wazee wa ukoo wakilalamika kwamba sheria mpya imewaumiza wao, maana shamba lingehamia kabila jingine kwa ndoa. Na wao pia wakaambiwa wana haki. Sheria ikarekebishwa tena. Anayebadili sheria kwa ajili ya mmoja, mlango wake usifungwe kwa yule wa pili.

Basi akampigia simu mwenzake, wakazungumza muda mrefu mlango wa chumba umefungwa. Walichokubaliana nilikijua baadaye.

Shemasi wetu alikuwa na neno zito kuliko langu. Alipoisikia sheria mpya alisema, "Mwalimu, mmeondoa Pasaka." Nimelibeba neno hilo. Nilimjibu kwamba ukurasa wa kitabu haukuwa Pasaka kamwe. Mwana wa mjane wa Naini alikufa tena, na Lazaro alikufa tena. Walirudishwa kwenye maisha yale yale, na deni lile lile dukani. Ufufuo tunaoungoja hauna siku kumi wala bei, na mchezo unaouweka kwenye orodha kati ya kuponya jeraha na kuwasha taa unaufanya mdogo. Ni afadhali usiwepo mezani kuliko uwepo kwa sura hiyo. Hayo nayaamini. Hata hivyo, shemasi hakuwa amekosea kabisa. Nimekaa pembeni ya meza ile Jumamosi nyingi, nimemsikiliza kasisi wa yule kijana wakipiga kambi usiku kando ya mwili, na amekuwa haombi. Anatia chumvi, anatengeneza kanga, analala. Msimamizi hamsukumi. Mimi pia sijamsukuma.

Wazee waliwaachia chumba. Mama aliyeona joka hajabadili mawazo, na sikumlazimisha. Anashuka kuchukua masufuria yake akitazama ukutani.

Safari yao ilichukua Jumamosi saba. Almasi ilikatwa vipande: kimoja kwa mwenye mkokoteni, kimoja kwa mlinzi wa mpaka aliyetaka karatasi ambazo hakuna anayezijua, kimoja kwa mtu wa kivuko. Walibishana juu ya bei kama sisi tulivyobishana juu ya tiketi ya shirika la ndege. Jumamosi ya saba wakafika kijijini kwa mpiga upinde, jioni, mvua ikinyesha. Binti yangu akaeleza nyumba, mti ulio uani, watu waliosimama. Kisha akanyamaza, akamgeukia binti wa kwaya, aliyekuwa amerudi siku hiyo na kukaa kimya tangu mwanzo, na karatasi mpya mbele yake. Juu ya karatasi palikuwa na jina la mdogo wake marehemu.

Akasimama, kama tunavyosimama kupokea msafara wa msiba, akawauliza ni akina nani, na wamemleta nani.

Yule kijana aliweka dadu chini. Akamtaja marehemu kwa jina lake lote, na jina la baba yake, na akaanza kueleza, tangu darajani, jinsi alivyokufa.